Mashine Haina Sababu ya Kukusingizia

Kuna sentensi moja niliyowahi kumwambia mwanafunzi wangu ambayo hadi leo natamani ningeimeza. Alikuwa binti wa mwaka wa pili, amesimama mlangoni mwa ofisi yangu, kanga begani kwa kuwa mvua ilimkuta njiani. Aliniamkia, nikaitikia. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba yeye na wenzake hawakugoma. Mtandao ndio uliowakatalia. Nikamjibu: “Mwanangu, mashine haina sababu ya kukusingizia.”

Aliniangalia kidogo, akasema, “Sawa, Mwalimu,” akaondoka.

Naandika makala haya kwa sababu mashine ilikuwa imemsingizia. Nami, ambaye nilifanya kazi katika vyumba vya seva kwa miaka sita kabla ya kuingia darasani, nilikuwa na kila sababu ya kuwa wa kwanza kulishuku hilo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Siku ya Jumatano, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa sita mchana, wanafunzi 38 walitakiwa kufanya mtihani wa mtandaoni katika maabara ya kompyuta. Watano tu ndio waliofanikiwa kuufungua, na hao nao hawakufika mwisho. Wengine walisema ukurasa ulibaki mweupe mbele yao saa nzima. Katika hali ya kawaida tungepanga mtihani mwingine, basi. Lakini wiki zile hazikuwa za kawaida: fedha za kujikimu zilikuwa zimechelewa, na kwenye mabweni kulikuwa na minong'ono ya mgomo. Kwa hiyo swali halikuwa tena kwamba mtandao ulikatika au haukukatika. Swali lilikuwa kwamba vijana hawa walipanga kususia mtihani, na adhabu ya kususia ni kusimamishwa masomo.

Iliundwa kamati, nami nikawa mjumbe. Katika kikao cha kwanza ofisi inayohusika na mtandao ilileta grafu. Ilionesha kwamba kuanzia saa nne hadi saa tano asubuhi, mlango wa ruta ya jengo lile haukupitisha chochote cha maana. Mstari ulikuwa umelala chini kabisa. Baada ya saa tano ukaanza kupanda taratibu. Pembeni palikuwa na kisanduku cha kijani: makosa sifuri, pakiti zilizotupwa sifuri. Tafsiri ilitolewa kwa ufasaha. Kama mtandao ungekuwa mbovu, makosa yangeonekana. Kama wanafunzi wangekuwa wanajaribu kuingia, matumizi yangeonekana. Havikuonekana vyote viwili. Kwa hiyo walikaa mbele ya kompyuta mikono mifukoni, wakaanza kujishughulisha baada ya saa nzima kupita.

Hakuna aliyepinga. Mimi pia sikupinga. Hoja ilikuwa imekamilika kiasi kwamba kuihoji kungeonekana kuwa ni kuwatetea wagomaji.

Niruhusu, msomaji, nieleze kidogo grafu hiyo inavyozaliwa, kwa maana bila kuelewa hilo huwezi kuelewa kosa lilipojificha.

Kwa zaidi ya miaka thelathini mitandao imekuwa ikichunguzwa kwa njia ya kuuliza. Itifaki iitwayo SNMP, iliyoanza mwaka 1988, hufanya kazi kama mjumbe wa nyumba kumi anayepita kila baada ya muda akigonga milango: “Hodi, humu mmo wangapi leo?” Seva huiuliza ruta, kwa kawaida kila baada ya dakika tano, na ruta hujibu. Njia hii ina udhaifu wake. Likitokea jambo la sekunde arobaini katikati ya ziara mbili, mjumbe ataliona kama wastani tu. Kiungo kilichojaa hadi pomoni kwa sekunde 40 kati ya 300, na kubaki kitupu muda uliosalia, kitaonekana kimetumika kwa asilimia 13. Hapo hakuna mwongo, na bado ukweli umepotea.

Ndiyo maana wahandisi wakahamia kwenye telemetria ya mtiririko. Hapa mjumbe habishi hodi tena. Kila nyumba yenyewe hutuma taarifa zake, kila baada ya sekunde chache au pale hali inapobadilika. Seva na ruta huwekeana mkataba unaoitwa usajili. Ndani yake kuna mambo manne: kipi kitumwe, kitumwe kila baada ya muda gani, kitumwe wapi, na kila taarifa ibebe muhuri wa wakati ilipochukuliwa. Jambo la kwanza huandikwa kama njia ndefu yenye mikwaju, inayoshuka kutoka jina la jumla hadi kaunta moja mahususi ya mlango mmoja, kwa kufuata lugha ya vielelezo iitwayo YANG. Jambo la nne, muhuri, huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia, ile ambayo sisi wa Afrika Mashariki tumeitangulia kwa saa tatu. Katika itifaki ya gNMI hesabu hiyo hufanywa kwa nanosekunde, yaani sekunde moja imegawanywa mara bilioni moja.

Usahihi wa namna hiyo humfanya mtu anyamaze. Nani atabishana na nanosekunde?

Kilichonizindua hakikuwa elimu yangu ya zamani. Ilikuwa daftari la mlinzi. Siku tatu baada ya kikao nilipita kwenye jengo lile jioni kuchukua vitabu nilivyosahau. Nikamwamkia mzee wa zamu, akaniomba nisaini. Nilipokuwa nasaini, jicho langu likaangukia safu ya mwisho ya kurasa zilizotangulia, ambamo kwa mwandiko uleule wa kalamu ya bluu, siku baada ya siku, iliandikwa: milango imefungwa saa nne usiku. Nikamuuliza kama kuna watu hubaki ndani. Akanijibu kama aliyetukanwa kidogo: “Mwalimu, mimi nafunga umeme wa maabara na funguo nakaa nazo mwenyewe. Nani atabaki humo?”

Nikakumbuka kwamba katika makabrasha ya kamati kulikuwa pia na grafu ya wiki nzima. Mjumbe mmoja aliitumia kutuchekesha: tazameni, alisema, vijana wenu wanakesha kwenye filamu hadi saa saba usiku, halafu asubuhi wanaanza kazi saa tano. Tulicheka. Lakini ile ilikuwa ruta ya jengo la maabara, si ya mabweni. Ikiwa mlinzi hufunga saa nne usiku, nani alikuwa akitazama filamu humo hadi saa saba? Na ikiwa milango hufunguliwa saa mbili asubuhi, kwa nini matumizi yaanze saa tano?

Toka saa nne hadi saa saba ni saa tatu. Toka saa mbili hadi saa tano ni saa tatu. Usiku ule sikulala vizuri.

Kesho yake nilimtafuta fundi wa mtandao, kijana ninayemfahamu tangu alipokuwa mwanafunzi wangu. Sikumwambia ninachokishuku, kwa kuwa niliogopa tungeenda moja kwa moja kwenye jibu ninalolitaka mimi, kama kamati ilivyofanya. Tukaanza chini na kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Je, taarifa zinafika kwenye seva? Tulinasa pakiti zenyewe waya ulipoingilia. Zilikuwa zinafika, kila baada ya sekunde kumi. Je, cheti cha usalama kati ya ruta na seva ni halali? Ni halali. Je, usajili uko hai? Ruta ikajibu kwamba uko hai. Fundi akaniangalia kwa heshima iliyochanganyika na huruma. “Mwalimu, kama unavyoona, kila kitu kiko sawa.”

Nikamwomba jambo moja la kitoto. Achomoe kebo ya mlango mmoja wa majaribio uliokuwa ukipitisha data, asubiri dakika mbili, airudishe. Tuone grafu itasema nini. Akachomoa. Tukasubiri. Grafu ikaendelea na mstari wake uleule, imetulia, kana kwamba hakuna kebo iliyoguswa. Akairudisha. Grafu haikushtuka. Nikamwambia atanue dirisha la grafu, si kwa kurudi nyuma bali kwa kwenda mbele, kwenye saa ambazo hazijafika. Alisita, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu anayetafuta kumbukumbu za kesho. Alipotanua tukaliona: saa tatu mbele yetu, kwenye mchana ambao jua lilikuwa halijaufikia, mstari ulizama kwa dakika mbili na kuinuka tena.

Tulilinganisha muhuri wa taarifa moja na wakati ilipopokelewa na seva. Tofauti ilikuwa sekunde 10,800. Saa tatu kamili.

Chanzo chake kilinigusa kuliko kosa lenyewe. Ruta ya zamani ilikuwa imeungua kwa radi miezi michache nyuma, ikawekwa mpya. Maelekezo ya kusawazisha saa kwa itifaki ya NTP yaliandikwa vizuri, lakini pakiti zake zilikuwa zikitokea kwenye jedwali la njia lisilofika kwenye seva ya saa. Kwa hiyo saa haikuwahi kusawazishwa hata siku moja. Fundi mmoja, kwa nia njema kabisa, alipoitazama aliona inasoma saa moja asubuhi ilhali saa yake ya mkononi inasoma saa nne. Akaona ruta imechelewa, akairekebisha kwa mkono. Hakujua kwamba ruta ilikuwa inaonesha saa ya dunia, na ilikuwa sahihi. Aliilazimisha isome saa yetu huku yenyewe ikiendelea kuamini kwamba hiyo ndiyo saa ya dunia. Seva ilipopokea ikaongeza saa tatu nyingine, kama inavyopaswa. Sisi ambao kila siku tunatafsiri saa kumi ya kizungu kuwa saa nne ya Kiswahili bila kufikiri, tulishindwa na hesabu ndogo kuliko hiyo.

Sasa irudie ile grafu ya mtihani. Dirisha lililoandikwa saa nne hadi saa sita lilikuwa linaonesha yaliyotokea saa moja hadi saa tatu asubuhi. Ule ukimya wa saa nzima haukuwa mgomo. Ulikuwa jengo lililofungwa, mlinzi akinywa chai. Kule kupanda taratibu baada ya saa tano kulikuwa ni mlango kufunguliwa saa mbili. Na kwa kuwa data mpya zilikuwa zikiingia kila sekunde kumi, grafu ilijaa na kutembea kama kawaida. Hakuna pengo ambalo lingemshtua yeyote.

Tulipokwenda kwenye sehemu iliyoandikwa saa saba mchana, yaani saa nne asubuhi ya kweli, tuliukuta mtihani. Mstari ulipanda hadi megabiti 100 kwa sekunde na kubaki hapo, umenyooka, kwa zaidi ya saa moja. Mlango huo ulitakiwa kupitisha mara kumi zaidi. Kebo ilikuwa na jozi ya nyaya iliyokatika. Mwendo wa gigabiti moja unahitaji jozi zote nne, wa megabiti 100 unatosheka na mbili, basi vifaa viwili vikakubaliana kimyakimya kushuka. Asubuhi ile kompyuta zote za maabara ziliwashwa kwa pamoja, zikaanza kupakua masasisho yaliyolimbikizwa kwa wiki kadhaa, na vijana 38 wakabaki wakigombania mabaki.

Kilibaki kile kisanduku cha kijani. Kama kiungo kilijaa kiasi hicho, pakiti zilizotupwa ziliwezaje kuwa sifuri? Tuliuchunguza usajili wake tukakuta njia yake imenakiliwa kutoka kifaa cha aina nyingine. Kwenye ruta hii mpya njia hiyo haikuwepo. Ruta haikulalamika, na kanuni za gNMI ndivyo zinavyoitaka: ukiomba njia ambayo bado haipo, kifaa kisikate mawasiliano, kiendelee kungoja huenda itatokea. Kwa hiyo usajili ulikuwa hai kweli. Ulikuwa hai na mtupu. Na aliyeunda dashibodi, ili isionekane na mashimo, aliielekeza iandike sifuri kila isipopata jibu. Tulipoisoma kaunta moja kwa moja kwenye ruta, ilikuwa na tarakimu saba. Haikuweza kutuambia pakiti hizo zilitupwa saa ngapi, lakini sifuri haikuwa.

Nilipeleka haya kwenye kikao cha pili. Nilipomaliza, Mwenyekiti aliuliza swali moja la haki: “Je, tuna uhakika gani kwamba grafu hii mpya nayo haikosei?” Nikamjibu kwamba hilo ndilo swali ambalo sote tulipaswa kuiuliza ile ya kwanza. Wanafunzi walipangiwa mtihani mwingine. Barua ya kufunga shauri ilisema hapakuwa na ushahidi wa kutosha. Haikusema kwamba waliambiwa uongo kuhusu wao wenyewe.

Wapo watakaosema hili ni jambo dogo la chuo kimoja. Nawaomba waitazame Uingereza. Huko, kati ya mwaka 1999 na 2015, mamia ya wasimamizi wa ofisi ndogo za posta walishtakiwa kwa wizi na udanganyifu kwa sababu mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, ulionesha upungufu wa fedha. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Sheria iliyokuwa ikimtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta aoneshe kwanza kwamba kompyuta ilifanya kazi sawasawa ilifutwa mwaka 1999. Mahakama zikabaki na dhana kwamba mashine ni nzima hadi ithibitike vinginevyo. Ni nani atakayethibitisha ubovu wa mashine asiyoruhusiwa kuifungua? Ilichukua hadi Desemba 2019 kwa Mahakama Kuu kutamka, katika kesi iliyoongozwa na Alan Bates, kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro, na hadi mwaka 2024 kwa Bunge kupitisha sheria ya kufuta hatia hizo kwa jumla.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18, inaelekeza kwamba uzito wa ushahidi wa kielektroniki upimwe kwa kuangalia namna taarifa ilivyozalishwa, ilivyohifadhiwa na ilivyosafirishwa. Ni kifungu kizuri. Lakini mashauri mengi yanayoamua hatima za watu hayafiki mahakamani. Yanaishia kwenye kamati kama yetu, kwenye ofisi za mikopo, kwenye dawati la afisa anayesema, “Mfumo unaonesha hujalipa.” Humo kifungu cha 18 hakisomwi. Na tunayo kumbukumbu ya karibuni ya namna takwimu zinavyoweza kuzungushiwa ukuta: mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa na kukataza kusambaza taarifa zenye kukanusha takwimu rasmi, na mwaka uliofuata katazo hilo likaondolewa. Ukuta umeondolewa sheriani. Vichwani mwetu bado upo, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokaa ndani yake.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma, ambao kila mwezi mnaletewa dashibodi zenye rangi ya kijani, sina fundisho kubwa. Nina maswali matatu niliyolipia kwa aibu. La kwanza: sifuri hii ilipimwa, au ni kimya kilichopewa sura ya namba? La pili: saa ya kifaa hiki ilisawazishwa na nani, na mara ya mwisho ni lini? La tatu: yupo mtu aliyekuwepo mahali pale, ambaye habari zake hazikutoka kwenye mfumo huu, na je, tumemuuliza? Katika shauri letu watu wa namna hiyo walikuwa 39: wanafunzi 38 na mlinzi mmoja. Hatukumwamini hata mmoja wao, kwa kuwa hakuna aliyezungumza kwa nanosekunde.

Kwa wanafunzi na wanaharakati nasema hivi: ukiambiwa mfumo umeonesha, usitosheke kulia kwamba unaonewa. Omba data ghafi. Omba grafu ya wiki nzima, si ya saa mbili ulizokatiwa. Omba kitu kichomolewe mbele yako, uone kama grafu itajua.

Yule binti nilimfuata mwenyewe, kwa maana si haki kumwita mtu ofisini kwako ili umwombe radhi. Nilimkuta nje ya maktaba. Nilimweleza habari ya saa tatu, ya kebo, na ya kisanduku cha kijani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama fundi aliyeirekebisha saa ile kwa mkono ameadhibiwa. Nikamwambia hapana. Akasema, “Afadhali, Mwalimu. Naye alidhani anasaidia.”